Kiti cha Upande wa Kushoto

Kilichonianzishia kazi ni kuku. Nilikuwa nimemtafuta siku kadhaa, yule mweupe mwenye shingo tupu, nikaamini ameliwa na kicheche, kumbe alikuwa amelalia mayai ndani ya gari la mume wangu. Alichagua kiti cha dereva, pale sponji ilipokwisha na kuacha shimo la kumtosha yeye na mayai yake. Aliingilia dirisha la nyuma, ambalo halijafunga vizuri tangu tulijue gari lile. Nilifungua mlango kwa hasira nimtoe. Mume wangu alikuwa amekaa barazani na fimbo yake, akasema kwa ile sauti yake ya siku hizi inayotoka polepole, "Mwache tu, mama. Kwani nani mwingine anakaaga hapo?"

Nikamwacha. Nikaingia jikoni nikalia, halafu nikapika ugali kama kawaida.

Mume wangu alikuwa dereva. Alianza na malori ya pamba kule Bunda, akaja kuendesha magari ya serikali mpaka akastaafu, na kiinua mgongo chake kikanunua hii stesheni wagon ya Kijapani, ambayo ilikuwa imeshachoshwa na watu wengine kabla yetu. Maisha yake yote alikaa upande wa kulia. Upande wa kushoto palikuwa pa bosi, au pangu, au pa ndoo ya samaki tukitoka kwetu Kibara. Hata nilipotaka kujifunza kuendesha, hakunifundisha yeye. Alinipeleka chuo cha udereva, akaniambia waziwazi kwamba hawezi kukaa upande ule akimtazama mtu anaua gia zake.

Kisha kiharusi kikaja, kikachukua upande wake huohuo wa kulia. Mkono ukabaki unaning'inia, mguu ukawa wa kuburuta. Alirudi kutoka hospitali akakubali mengi ambayo sikutegemea ayakubali. Alikubali kulishwa wiki za mwanzo, akakubali kuogeshwa. Kutoka nje ya geti letu hapa Kigera ndiko kulikomshinda. Bodaboda hakuiweza. Bajaji alisema ni chombo cha kubebea magunia. Na gari lake mwenyewe, mimi nikiwa kwenye usukani na yeye kando, hilo hakutaka hata tulizungumze. "Mimi sipandagi upande ule," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Ingekuwa ni kanisani tu au sokoni, ningemwacha na ubishi wake. Tatizo lilikuwa Butiama. Dada yake mkubwa yuko huko, wifi yangu, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akimbeba mgongoni wakati yeye mwenyewe bado ni mtoto wa kubebwa. Sasa miguu yake imekwisha, havuki uwanja wake. Kila Jumapili jioni alikuwa akipiga simu, akiniuliza mimi kwanza.

"Wifi, lini mnaniletea mdogo wangu? Nataka nimwone kwa haya macho."

Nampa simu mwenyewe. Naye anamjibu, kila Jumapili, maneno yaleyale: "Nakuja, dada. Mkono ukipona nakuja naendesha mwenyewe."

Daktari alikuwa ameniita pembeni akaniambia mkono ule hautarudi kushika usukani. Mume wangu hakuambiwa, lakini si mjinga, mkono ni wake. Basi mmoja hawezi kuja, mwingine hataki kwenda, na katikati yao ni lami tupu, safari ya asubuhi kwenda na mchana kurudi. Nilikuwa naogopa simu moja tu, ile ambayo ingemtoa nje ya geti apende asipende, ya kwenda kuzika.

Kuku alipototoa nikahamisha vifaranga, nikaanza. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na nimeshawashonea suruali watoto wanaopasua kila kitu wanachokalia, kwa hiyo nikajiambia kiti cha gari hakiwezi kunishinda. Wazo langu lilikuwa hili: ndani ya gari pakipendeza, atalitamani. Akilitamani, atasahau ubishi. Ilikuwa hesabu ya kijinga kidogo, lakini sikuwa na nyingine.

Bolti za viti zilikuwa zimekula kutu. Jirani yetu, mvuvi, alikuja na spana ndefu na mafuta ya breki, akazibembeleza mpaka zikaachia. Viti vya mbele vilipotoka tukaona kilichokuwa chini ya reli zake: magamba ya sato, makavu, mengi ajabu.

"Nilikuwaga nakwambia hiyo ndoo ifungwe," mume wangu alisema kutoka barazani.

"Hayo magamba ni ya dereva. Mimi nilikuwaga abiria tu," nilimjibu. Alitaka kucheka, nikamwona, ila akajizuia.

Masika yalikuwa yameanza na baraza letu linapigwa na mvua. Nikaviingiza viti sebuleni, kochi moja likahamia chumbani. Nikapigilia mbao, nikatengeneza fremu mbili za kuvisimamisha wakati nashona, la sivyo vinaanguka kifudifudi.

Vifaa nilivifuata Bunda, kwa fundi wa makochi ninayemfahamu kwa kununua vitambaa jirani na duka lake. Ni mtu mtaratibu, kofia yake nyeupe daima, hata akiwa ameshika nyundo.

"Shikamoo, mama. Kochi la watu wangapi?"

"Marahaba. La mmoja mmoja. Mawili."

"Yana mikono?"

"Hayana mikono. Yana mikanda."

Aliweka nyundo chini akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamweleza yote, hata habari za Butiama, sijui kwa nini. Akaacha kucheka. Akanikatia leza, ile ngozi ya bandia, rangi ya udongo, akaniongezea vipande vya sponji ngumu, akasema nimfikishie mzee salamu zake na dua.

Nilianza na kiti cha dereva, maana ndicho nilichokitegemea. Nilifumua kava la zamani mshono kwa mshono nikalitumia kama kipimo. Cherehani yangu ya kukanyaga ilikula sehemu nyembamba, sehemu nene nikazishona kwa mkono kwa shazia, ile sindano ya magunia, mpaka kidole gumba kikavimba. Palipokuwa na shimo la kuku nikaweka godoro. Nikaona halitoshi, nikaongeza. Mgongoni nikatia vifungo vya kubonyea, kama vya makochi ya maharusi, kwa sababu nilikuwa navyo na kwa sababu nilikuwa napenda. Kilipokwisha nikakiweka kwenye fremu yake karibu na dirisha, nikakikalia. Nilijisikia malkia. Nikamwita mume wangu.

Alikuja, akakaa taratibu. Akakaa vizuri hasa. Kisha nikaona bega lake la kulia linatikisika. Alikuwa anatafuta ile nyenzo ya kulaza mgongo wa kiti, ambayo kwa dereva iko upande wa kulia, upande wa mlango. Mkono haukwenda. Bega likatikisika tena. Nilitaka kumsaidia, nikajua nikimsaidia nitakuwa nimefanya jambo baya, nikabaki nimesimama na mkasi wangu. Alinyanyuka kwa fimbo, akasema, "Umeshona vizuri," akaenda kulala saa nane ya mchana.

Siku ile niliuchukia mpango wangu wote. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikimtengenezea mtu kidonda na kukipamba kwa vifungo.

Kile cha pili kilibaki pale bila kava, sponji nje, kibaya. Sikukigusa. Siku moja nilikwenda kupeleka sare, nikarudi na mvua. Naingia sebuleni, namkuta mume wangu amelala. Lakini hakuwa kwenye kochi. Kochi alikuwa analichukia kwa sababu ni la chini, akilikalia hanyanyuki mpaka avutwe. Alikuwa kwenye kile kiti kibaya cha upande wa kushoto, kimelazwa nyuma kama inavyotakiwa, mdomo wazi, anakoroma. Nyenzo ya kiti cha abiria iko kushoto. Ilikuwa imetua kwenye mkono wake mzima, nao bado umeishika.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikamtazama mpaka mvua ikakatika. Nilifurahi jamani, sijui niseme nini zaidi.

Kiti kile ni kama nilikishona akiwa amekikalia. Namwambia anyanyuke kidogo, napima, anakaa tena. Niliona anaelemea kulia, upande ambao mwili haumsaidii, nikaijaza ile sponji ngumu ya fundi wa Bunda upande huo ili imrudishe katikati. Hakuna vifungo. Nikimaliza kipande anakijaribu, anasema hapa pananisukuma, hapa pana shimo, nafumua, nashona tena. Miezi mingi alikuwa hajaniamrisha kitu. Nilifumua hata palipokuwa sawa ili aniamrishe.

Kwa watu wa kwao, na hata kwetu Kibara, baba wa nyumba ana kiti chake. Hakina jina lililoandikwa, lakini mtoto hakikalii, mgeni hakikalii, na mwenyewe asipokuwepo kinabaki wazi mpaka arudi. Cha mume wangu kilikuwa cha mbao, cha kukunja, na tangu augue hakikumfaa, kinayumba. Kwa hiyo alikuwa hana kiti. Tulikuwa tunamweka tu, leo barazani, kesho kitandani, kama gunia linalokimbizwa mvua. Sikuwa nimeliona hilo mpaka alipopata kiti kingine.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kumwombea. Mume wangu alikuwa uani. Mgeni akaangaza sebuleni, akaona kiti cha mume wangu kinang'aa kwa leza, akageuza makalio. Mume wangu akatokea mlangoni akakohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikohozi cha mwenye mji, nilikuwa sijakisikia tangu kabla ya hospitali. Mzee wa kanisa aliruka kama amekalia msumari.

"Samahani, sikujua ni pa mzee!"

"Kaa hapo kwa dereva," mume wangu alimwambia. "Kuna vifungo."

Hapo ndipo tatizo langu likageuka likawa jingine. Mvua ilikuwa inaelekea kwisha. Nilikuwa nimemaliza mengine yote ndani ya gari: kapeti nimesugua na kuanika, milango nimeivika leza iliyobaki, dari iliyokuwa inaning'inia nimeibandua nikabandika shuka la rangi ya samawati lenye vijiua, kwa gundi ya viatu. Vilibaki viti. Lakini nitamnyang'anyaje mtu kiti chake? Nikaacha siku zipite. Na wifi akaendelea kuuliza, na mume wangu akaendelea kumjibu kuhusu mkono.

Jumapili moja simu ililia, haikuwa sauti ya wifi. Alikuwa mkwe wake, anasema bibi amelala, hana nguvu za kuongea, anawasalimu. Mume wangu alisikia, nilikuwa nimeweka spika.  Hata chakula alikigusa tu.

Asubuhi yake nikamwita jirani tukakibeba kiti cha dereva, tukakifunga kwenye gari. Cha mume wangu nilikiacha sebuleni. Sikuweza. Nilijiambia nitakwenda Butiama peke yangu nikamwone wifi, nimwambie ukweli kuhusu mkono, mmoja wao angalau aache kusubiri.

Nikaingia kwenye usukani nijaribu. Kichwa kikagonga dari. Nikainama, kidevu kikafika kifuani, na bado vijiua vya samawati vilikuwa vimenilalia utosini. Miguu ilikuwa juu juu, ya kuning'inia, klachi sikuifikia. Yale magodoro! Sebuleni, bila dari ya gari, nilikuwa malkia. Nikajaribu kugeuza shingo nimwombe jirani anisaidie kutoka, shingo ikagoma.

Ndipo nikasikia kicheko. Mume wangu alikuwa ametoka barazani, ameshuka ngazi mwenyewe, amesimama na fimbo yake kwenye matope, anacheka mpaka mabega yote mawili yanatikisika.

"Mama," alisema, "unaendesha ama unasali?"

"Nakuombea wewe!" nilimjibu kutoka chini ya dari.

Alicheka tena. Akaja mpaka kwenye gari akaegemea mlango wa kushoto, achungulie vizuri aibu yangu. Alichungulia vijiua, akachungulia vifungo. Kisha akatazama hapo alipoegemea. Hapakuwa na kitu, ni reli mbili tupu na mashimo ya bolti. 

"Na kiti yangu?" akauliza.

"Iko sebuleni," nikasema.

"Inafanya nini sebuleni?"

 Niliogopa kwamba nikisema neno lolote nitaharibu. Jirani, Mungu amzidishie, hakusubiri kuelezwa. Alikwenda akakibeba peke yake.

Mume wangu alisimamia kazi yote. Bolti za nyuma kwanza, usikaze mpaka zote nne zishike, sukuma mbele, rudisha nyuma, sasa kaza. Mimi nikachukua mkasi nikakata godoro kutoka kwenye kiti changu, kipande kinene cha kutosha mto, nikarudisha kava juu yake. Kikakaa ovyo, vifungo vimepinda, lakini nikaona barabara na nikafikia klachi. Tulipomaliza, mume wangu alifungua mlango wa kushoto kwa mkono wa kushoto, akageuka, akajishusha kinyumenyume kama alivyozoea kukaa sebuleni. Akavuta mkanda. Nikaukamilisha mimi upande wangu, ukalia ka.

"Twende basi kabla jua halijawa kali," alisema. "Unasubiri nini?"

Nilikuwa na khanga ya nyumbani na mikono yenye mafuta. Niliondoka hivyohivyo, maana niliogopa kwamba nikienda kubadilisha nguo, yeye atabadilisha nia. Kile kipande cha godoro kikaja nasi, nilikuwa nimekitupa nyuma bila kufikiri.

Njiani alinisahihisha kila gia. Pale Makutano tukaachana na barabara ya Bunda tukashika ya Butiama, naye akanyamaza. Alikuwa anatazama dirishani. Mawe yale makubwa ya kwao, yaliyobebana, amepita kati yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kukisia, lakini akaniambia, "Hii ng'ambo ya huku nilikuwa siijui. Dereva hatazamagi."

Wifi alikuwa mlangoni kwake amekalia kigoda, amefunikwa blanketi, uso umekonda. Alimwona mdogo wake akiwa bado ndani ya gari. Waliitana kwa lugha yao, ambayo naisikia kidogo tu, na sikuhitaji kuisikia zaidi. Mume wangu alitazama kile kigoda, akatazama viti vya plastiki ambavyo mkwe alikuwa anavileta mbio.

"Dada, nikikaa huko chini sinyanyuki tena."

"Basi nakuja mimi huko ulipo," wifi alisema.

Tulimshika huku na huku, mkwe wake na mimi, tukamvusha uwanja hatua ndogo ndogo, tukampandisha kwenye kiti cha dereva kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi. Akajiweka sawa. Akapapasa vile vifungo vilivyopinda, akatazama vijiua vya dari, akanitazama mimi kwa huruma. Halafu akatazama upande wake wa kushoto. Mkono wa kulia wa mume wangu ulikuwa hapo kando yake, umelala kwenye paja, umekunja vidole. Akauchukua kwa mikono yake miwili akauweka mapajani mwake.

"Si ulisema utakuja unaendesha mwenyewe?"

 Mume wangu aliangalia mkono wake ulipokuwa.

"Dereva ni huyo mama hapo," alisema. "Mimi nakaaga hapa."

Wifi aliitikia kwa kichwa, mkono hakuurudisha. Chakula kilipoiva mkwe alikuja kuwaita ndani, hakuna aliyeshuka, wakapelekewa humohumo. Mimi nilitoa kile kipande cha godoro nyuma, nikakitandika uwanjani karibu na gurudumu, nikakaa chini na funguo zangu mkononi. Viti vyote vya mbele vilikuwa na wenyewe, na sikuwa na haraka ya kurudi.